Mstari Mmoja

Ilikuwa Januari 2022, UVIKO umepamba moto. Koo linawasha, mwili unauma, na tiketi ya basi la Tanga iko mfukoni. Nikaenda zahanati, nikaingizwa kijiti cha pamba puani, na baada ya dakika 15 kipimo cha haraka kikaonyesha mstari mmoja tu. Hasi! Nilifurahi kama niliyetoboa sapu.

Bibi alinipokea mlangoni. "Mjukuu wangu, mbona unakohoa?"

"Nimepima bibi, sina kitu."

Akanikumbatia. Siku ya pili nikapima tena: mistari miwili. Wiki haijaisha, bibi naye yuko kitandani, anahema kwa shida.

Kipimo hakikunidanganya, mimi ndiye nilikisoma vibaya. Kinatafuta antijeni, yaani protini za kirusi, wala hakizizidishi kama PCR inavyozidisha vinasaba. Zikiwa bado chache puani, hakizioni. Uchambuzi wa Cochrane wa 2022 ulikuta kwamba kati ya wagonjwa 100 wenye dalili, vipimo hivi viliwanasa kama 73 tu. Kwa hiyo ukiwa na dalili, chanya yake iamini. Hasi yake irudie baada ya saa 48, na barakoa usivue.

Bibi alipona, namshukuru Mungu. Kila likizo nikifika hunitania, "Leo umepima mara ngapi?" Mimi sicheki sana. Kipimo kilisema "sijakiona", mimi nikampelekea bibi "sina".