Maji ya Mwisho wa Njia

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na chupa ya kijani aliyoitunza chini ya kitanda. Desemba 1988 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne hapo Tabora, na mjomba, fundi wa reli, akatuma nauli nimtembelee Kigoma. Bibi aliitoa ile chupa, akaifuta kwa upindo wa khanga, akanipa. "Mume wangu," alisema, maana ndivyo alivyoniita tangu utotoni, "unijazie maji ya ziwa. Usichote wanapofulia watu."

Babu yake bibi alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, na safari nyingine akabeba nguo na shanga kwenda Ujiji. Bega lake la kulia lilikuwa na sugu ngumu kama kwato, na bibi alipokuwa mdogo aliruhusiwa kuigusa. Mzee huyo alimwambia kuwa njia ile ina maji mawili: ya mashariki hayanyweki kwa chumvi, ya magharibi ukiyanywa unasahau mzigo. Bibi hakuwahi kuyaona yote mawili. Sisi wa Tabora maji mengi tuliyoyajua ni ya mabwawa ya Kazima na Igombe.

Treni iliondoka jioni. Urambo, mji wenye jina la Mirambo, mtemi aliyewafungia wafanyabiashara Waarabu njia hii miaka ya 1870, tuliupita gizani. Kulipopambazuka tulikuwa Uvinza, wanawake wakiinua vifuko vya chumvi hadi madirishani. Chumvi ya Uvinza ilikuwa ikisafiri njia hii kabla ya Mjerumani kufikisha reli Kigoma mwaka 1914, na ng'ambo ya mto Malagarasi misafara ilivushwa kwa kulipa hongo ya nguo na shanga. Mimi nilivuka nimeketi, nikila karanga. Nilimfikiria yule mzee, frasila mbili begani, miguu mitupu.

Ujiji tulikwenda siku iliyofuata. Mjomba alinionyesha mnara unaotaja mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na miembe mikubwa iliyokaa safu kama watu wanaosubiri kuitwa. Zamani maji yalifika karibu na pale; sasa ziwa limerudi nyuma. Nilisimama kidogo tu. Pale waliuzwa watu, na kivuli cha miembe kilikuwa kizuri mno, hata nikaona haya kukifurahia.

Kesho yake mjomba alisema, "Mpwa wangu, leo tunakwenda kutembea tu." Tulipanda boti la abiria pale Kibirizi, tukabanana na magunia ya mihogo na kuku waliofungwa miguu, tukielekea kaskazini kando ya milima. Nahodha alituuliza tunapeleka nini Gombe.

"Hatupeleki kitu," mjomba akajibu. "Tunakwenda kutazama."

Nahodha alikubali kwa kichwa, kana kwamba jibu lilimtosha. Mimi ndiye lililoniingia. Nilikuwa nimesikia hadithi zote za njia ile, na hakuna hata moja iliyokuwa na mtu aliyeipita kwa kutazama tu.

Gombe ni hifadhi ndogo: ukanda wa milima yenye mabonde ya msitu, unaoanguka moja kwa moja ziwani. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1968, miaka minane baada ya Jane Goodall kushuka ufukweni pale na mama yake. Tulilala katika banda lenye wavu wa chuma madirishani, na sababu yake niliijua mapema: niliuacha mlango wazi kidogo, nyani akaingia, akatoka na mkate wetu wote.

Asubuhi mwongozaji, Muha wa kijiji cha jirani, alitupandisha bonde la Kakombe. Alituambia kuwa mwaka 1975 watu wenye silaha walivuka usiku kutoka Zaire, wakawateka watafiti wanne wa kigeni. Baada ya hapo ni vijana wa vijiji vya jirani waliobaki wakiwafuata sokwe kutwa na kuandika: nani kala nini, nani kalala na nani mti gani. Alilisema hilo bila kujisifu. Hadi leo nikisoma habari za Gombe nawatafuta vijana hao katika maandishi, na mara nyingi siwaoni.

Sokwe tuliwakuta karibu na maporomoko. Mama mmoja alikaa akimchambua mtoto wake manyoya, akatutazama mara moja, akaendelea na kazi yake. Hakuna aliyesema neno. Maji yalianguka kutoka juu ya mwamba, upepo wake ukatikisa mizizi iliyoning'inia, na mjomba, mtu wa nyundo na mafuta ya injini, alivua kofia.

Mchana niliogelea. Maji yalikuwa maangavu, samaki wadogo wenye mistari wakizunguka miguu yangu. Usiku, kwa kuwa mwezi haukuwapo, wavuvi wa dagaa waliwasha karabai, na ziwa lote likawa kama mji uliohamia majini. Nilikaa mchangani hadi mjomba akaniita mara ya tatu.

Chupa niliijaza tukirudi, mbali na ufuko.

Tabora, bibi alikuwa uani akichambua mchele. Hakuniuliza habari za mjomba wala za safari. Aliifungua chupa, akanusa, akanywa funda moja na kukaa nalo mdomoni muda mrefu.

"Hayana chumvi," alisema.

Kisha akanyoosha mkono, akalishika bega langu la kulia, akalibonyeza hapa na pale kwa vidole vyake vikavu kama anayetafuta kitu. Akanipa chupa ninywe na mimi.