Kuukagua Ruvu kabla ya msafara wa mitumbwi: barua ya mjomba

Mpwa wangu,

Mto Ruvu hautawaliwi na mvua inayoonekana. Maji yake mengi hutoka mteremko wa mashariki wa milima ya Uluguru, ambako mawingu ya Bahari ya Hindi hugonga mlima na kumwaga zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Morogoro mjini, upande wa pili, haipati hata nusu ya hizo. Mvua ya usiku kwenye kilele cha Kimhandu, mita 2,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari, inaweza kufika tambarare asubuhi chini ya mbingu safi. Ndiyo maana anayetaka kuteremsha vijana kwa mitumbwi kutoka miguuni pa mlima huutembelea mto kwanza, na kuutembelea si kupiga picha darajani.

Kazi hiyo hufanywa mara mbili. Mara ya kwanza ni mwishoni mwa Septemba, kabla ya vuli, maji yakiwa chini kabisa na mifupa ya mto iko nje. Mara ya pili ni siku chache kabla ya safari yenyewe, ambayo hufaa Juni au Julai, masika yakishapita na mto bado ukiwa na maji ya kuelea. Aliyeuona mto wa Septemba tu atakuta Juni mto mwingine wenye jina lilelile. Machi hadi Mei hakuna msafara wa kupanga. Stanley alipopita chini ya Uluguru Aprili 1871 akimtafuta Livingstone, masika yaliugeuza uwanda wa Makata kuwa kinamasi kilichoutesa msafara wake, na yeye alikuwa akisafiri nchi kavu.

Sehemu ya mto iliyo juu ya kijiji cha Kibungo huachwa. Huko mto bado unaanguka, haujaanza kutiririka. Kipande cha kuchunguzwa huanzia pale Ruvu inapotoka milimani, hupita jirani na msitu wa Kimboza na kuendelea kwenye nchi tambarare. Kimboza umekaa juu ya chokaa iliyotobolewa na maji. Ndiko anakoishi yule mjusi mdogo wa buluu anayejificha kwenye mikadi, asiyepatikana pengine duniani isipokuwa misitu michache ya jirani. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kuanzia 2017, kwa hiyo kijana atakayemtia mmoja mfukoni ataleta kesi, hata kama alitaka kumwonyesha mama yake tu.

Mto husomwa kutoka ukingoni, kwa miguu, na kwa pande zote mbili pale inapowezekana. Maji yakichora umbo la V lenye ncha inayoelekea chini ya mto, hapo pana njia kati ya mawe mawili. Ncha ikielekea juu, kwenye ncha yenyewe kuna jiwe. Mwendo wa maji hupimwa bila mtambo: mita 20 huhesabiwa ukingoni, kipande cha bua hutupwa majini, sekunde huhesabiwa. Bua likimaliza mita 20 kwa sekunde 10, mto unakwenda kilomita 7 na ushei kwa saa, na hakuna kijana wa msafara atakayeogelea kuukabili mwendo huo.

La kuogopwa kuliko jiwe ni mti ulioanguka. Jiwe husukuma maji pembeni, na mara nyingi maji hayo humsukuma mtu pamoja nayo. Mti hufanya kazi ya kifumbu: tui hupita, machicha hubaki. Maji hupenya kati ya matawi, lakini mtumbwi na aliyemo hunasa na kukandamizwa. Miti hii huhama kila masika, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kurudia ukaguzi. Penye mti uliokingama kwenye kona isiyoonekana mbele, mitumbwi hubebwa mabegani. Mahali pa kushukia hutiwa alama juu ya kona, mbali vya kutosha kwa mpiga kafi aliye mzito kuliko wote.

Alama za mafuriko hutafutwa juu, si chini: takataka zilizonasa kwenye matawi, tope lililokauka kwenye magome. Hema halipigwi chini ya alama hizo hata mchanga ukiwa mweupe kama kitanda. Februari 1970, mvua ya saa chache upande wa Mgeta, hukohuko Uluguru, ilisababisha maporomoko ya ardhi zaidi ya elfu moja. Mlima uliofanya hivyo mara moja hauna sababu ya kuacha.

Viboko na mamba huanza kuhesabiwa mto unapotulia, kwani maji ya kimya ndiyo yao. Kiboko hushinda majini na kula majani nchi kavu usiku, na akishtuka hukimbilia penye kina. Anayemkatia njia hiyo ndiye hulipa. Njia yake hutambulikana kwa mifuo miwili sambamba iliyotengwa na kituta cha majani. Kambi haiwekwi hapo, na makafi huwekwa chini kabla ya jua kuzama. Penye maji yaliyotuama pia pana kichocho, ambacho hutibika hospitalini mradi msafiri akumbuke kumweleza daktari alikooga.

Habari za mamba huulizwa kwa wanawake wachota maji na kwa wavuvi. Ofisi ya kijiji huulizwa ruhusa. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo wenye neno juu ya kidimbwi fulani au mahali pa tambiko huenda wakawa wajomba wa watu wasioketi ofisini kabisa. Mkaguzi anayeondoka bila kuwaona hao atarudi na vijana ishirini kwenye maji yasiyoogwa. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, iliyo Morogoro mjini, nayo huarifiwa, na wahusika wa misitu huonwa kabla ya kufika Kimboza.

Ramani za zamani haziaminiki chini ya Kimboza. Mto Mgeta huzunguka mlima kwa kusini na kuongeza maji, kisha kuna Kidunda, ambako ujenzi wa bwawa ulianza 2023, likikusudiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190 kwa ajili ya Dar es Salaam. Palipokuwa na mto pana mitambo. Safari huishia juu ya Kidunda, mahali gari linapofika, na gari hilo lijaribiwe kwenye barabara hiyohiyo wakati wa ukaguzi.

Matokeo yote huandikwa kwenye karatasi moja: kona za kubeba, kambi, mahali pa kutokea kwa kila saa ya mwendo, mahali simu inaposhika. Nakala tatu hutolewa. Moja hukaa na nahodha wa mbele, moja na wa mwisho, na ya tatu na mtu atakayebaki Kibungo akitazama mto, mwenye mamlaka ya kuwapigia simu walio chini na kuwaamuru watoke majini maji yakianza kugeuka rangi.

Ni mimi mjomba wako,
Morogoro