Supu Niliyompikia Bibi

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Februari, wakati mahindi ya mwaka uliopita yamekaribia kwisha na mapya bado mabichi shambani. Mama alikuwa amekwenda Nzega kumwuguza shangazi, nami nikabaki nyumbani Cheyo pamoja na Bibi na wadogo zangu wawili. Bibi alikuwa mgonjwa. Tabibu wa zahanati alimpa vidonge, akatuonya kwamba visimezwe tumbo likiwa tupu. Lakini Bibi alikuwa na siku mbili hali wala hasemi. Ugali aliusukuma, uji akaugeuzia uso.

Nikakumbuka kuwa tuliwahi kusoma jinsi ya kupika supu ya viazi na liki, mboga ya ukoo wa vitunguu ipendwayo sana Ulaya. Basi nikatwaa kikapu kwenda sokoni. Njiani rafiki zangu waliokuwa wakicheza mpira wakanicheka kwa kuwa mvulana anakwenda kununua vitu vya mchuzi. Sikuwajibu.

Sokoni liki sikuiona kabisa. Viazi mviringo, ingawa ni ndugu wa tumbaku yetu, havipendi joto. Hutujia kutoka nyanda za juu zenye baridi, na bei yake ni kubwa. Fedha yangu ilitosha viazi vinne na fungu la vitunguu vyenye majani. Viazi vinne kwa watu wanne!

Nilirudi nikakaa jikoni nimejiinamia. Ndipo Bibi akanyosha kidole kwenye kilindo cha gome kilichokuwa pembeni. Ndani yake mlikuwa na matobolwa.

Kwa wasomaji wasio wenyeji, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani wakati wa kiangazi. Vikianikwa vibichi huitwa michembe. Hukaa miezi mingi bila kuharibika. Nami nakiri kuwa nilikuwa nikiyadharau, nikiyaita chakula cha watu wa zamani.

Nilifanya hivi. Matobolwa vikombe 2 niliyaroweka katika maji ya moto muda wa saa 1, hata yakalainika. Nikakaanga karanga kikombe 1, nikapepeta maganda, nikazitwanga mpaka zikatoa mafuta. Vitunguu nikavikaanga kwa moto mdogo, nikatia viazi vilivyokatwa vidogo, matobolwa, na maji vikombe 8. Vilipoiva nikaviponda kwa mwiko, nikatia karanga, nikakoroga bila kuacha, maana karanga hushika chini ya sufuria upesi. Mwisho nikanyunyiza majani ya vitunguu mahali pa liki. Ikawa supu nzito, rangi ya udongo, wala haikufanana na ile ya kitabuni.

Nikampelekea Bibi bakuli. Akaonja, akanitazama.

"Mjukuu wangu," akasema, "chumvi umemwachia nani?"

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa siku mbili. Nikakimbilia chumvi. Akala bakuli zima, akameza vidonge, akalala usingizi mzuri.

Wadogo zangu walikuwa wakikwangua sufuria alipofika mmoja wa wale walionicheka, amekuja kuazima daftari. Tukamkaribisha kidogo kilichobaki. Alipomaliza akaniuliza kwa sauti ya chini jinsi inavyopikwa. Nilimwambia kwamba nitaandika katika gazeti la shule, nami nimetimiza ahadi.