Safari ya Darasa Si Tafrija



Muhula unapofika katikati, kuna barua moja inayozua mjadala katika nyumba zetu kuliko matokeo ya mtihani. Ni barua ya safari ya darasa. Hutaja mahali, siku na ada, na chini yake huachwa mstari wa mzazi kutia sahihi. Mzazi mmoja hutia sahihi upesi akidhani anampa mwanawe zawadi. Wa pili hukataa akiona ni upotevu wa fedha na wa siku ya masomo. Wa tatu huiweka barua juu ya kabati hadi siku ipite, kwa kuwa anayeitwa ni binti, na moyo wake haujatulia. Wote watatu, kwa maoni yangu, wameichukulia safari kuwa tafrija. Kwa miaka kadhaa nimefuatana na watoto wetu katika safari hizi kama mzazi msaidizi, na ninataka kueleza ni lini huwa tafrija na ni lini huwa darasa.

Nianze na ile isiyofaa, nisije nikadhaniwa kwamba nasifu kila basi linaloondoka. Mwaka mmoja, shule ambayo sitaitaja iliwachukua watoto alfajiri, ikawapitisha kwenye majengo matatu ya kale bila kuwashusha popote kwa zaidi ya dakika 20, kisha ikawaacha kwenye duka kubwa na uwanja wa bembea hadi alasiri. Swala ya adhuhuri haikupangiwa mahali wala wakati. Watoto walirudi na mifuko ya bisi, na hapana aliyeweza kueleza alichokiona. Mzazi aliyelipia siku ile ana haki ya kunung'unika, na mimi hunung'unika pamoja naye.

Safari ninayoitolea mfano mwema ni ya gredi ya tano, kutoka Mombasa hadi Magofu ya Gede karibu na Watamu, mwendo wa takriban kilomita 100. Gede ulikuwa mji wa Waswahili Waislamu, wenye misikiti, nyumba za mawe, visima na makaburi. Ulistawi kwa karne kadhaa, kisha wenyewe wakauhama na msitu ukaumeza. Mwaka 1948 mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuuchimbua, na mwaka 2024 UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hayo yote mwalimu angeweza kuyaandika ubaoni kwa dakika kumi, na watoto wakayanakili bila kutoka jasho. Hayakuwa sababu ya kupanda basi.

Mwalimu wao, mwanamke mtulivu, aliligawa darasa katika makundi ya watoto watano watano. Kila kundi lilipewa futikamba, dira, daftari na swali moja ambalo jibu lake halikuandikwa mahali.

Kundi la mwanangu liliambiwa lipime vyumba. Walipima nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baada ya hapo mvulana mmoja akagundua jambo: urefu wa vyumba ulibadilika sana, lakini upana ulikuwa ukikaribiana, na haukufika mita tatu. Wakamwuliza mwalimu ni kwa nini watu waliokuwa na uwezo wa kununua vyombo vya udongo kutoka Uchina wakakubali kuishi katika vyumba vyembamba kama ujia. Mwalimu hakujibu. Aliwauliza tu, "Paa lilishikwa na nini?" Wakanyamaza, mpaka msichana mmoja ambaye nyanya yake anaishi Mji wa Kale akaikumbuka dari ya chumba anacholala likizoni: boriti za mikoko zimepangwa moja baada ya nyingine, na juu yake mawe na chokaa. Boriti ina urefu wake, na paa la mawe ni zito. Kumbe upana wa chumba haukuamuliwa na mali ya mwenye nyumba, bali na mti uliokatwa ufuoni. Wiki nzima baada ya safari ile mwanangu alikuwa akipima vyumba vya jamaa zetu, na ilibidi nimkataze asiingie cha bibi yake kabla ya kubisha hodi.

Kundi jingine lilisimama na dira mbele ya mihrabu ya Msikiti Mkuu. Watoto hawa wameswali wakielekea kibla tangu wakiwa wadogo, lakini walikuwa hawajawahi kujiuliza kibla cha pwani yetu kiko upande gani wa dunia. Sindano iliwaonyesha kaskazini. Waliporudi shuleni walifungua atlasi, wakaona kwamba Gede na Makka ziko karibu kabisa na mstari mmoja wa longitudo, ule wa 40 mashariki. Wajenzi wale, ambao hawakuwa na simu wala setilaiti, walijua walipokuwa wamesimama. Kundi la tatu lilichungulia kisima kilicho kando ya msikiti huo huo, likaambiwa kwamba kiliongezwa kina, na kwamba kukauka kwa maji ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za mji kuhamwa. Sisi ambao hununua maji kwa mitungi hatukuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Nimelibakiza kundi la nne, kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike makala haya. Gede lina kaburi lenye mwaka ulioandikwa, mwaka 802 wa Hijria. Swali la kundi hili lilikuwa: huo ni mwaka gani wa Miladia? Wavulana wawili walikimbilia kujumlisha 622, wakapata 1424. Msichana mmoja, ambaye darasani hasemi hadi aulizwe, akasema kwa sauti ndogo kwamba hesabu hiyo haiwezi kuwa sawa, kwa sababu mwaka wa Hijria hufuata mwezi na ni mfupi kwa takriban siku 11. Alikuwa amelisikia hilo madrasa, pale ustadhi alipoeleza kwa nini Ramadhani husogea mwaka hata mwaka. Mwalimu akamsaidia hatua moja tu: miaka 33 ya Hijria hukaribia miaka 32 ya Miladia. Msichana akaigawanya 802 kwa 33, akapata 24, akaiondoa, zikabaki 778, akajumlisha 622. Akapata 1400. Mwongozo akasema vitabu huandika 1399. Wakaendelea kuchunguza, na ikabainika kwamba mwaka 802 ulianza Septemba 1399 na kumalizika Agosti 1400, basi hapana aliyekosea. Niliutazama uso wa mtoto yule. Ilimu aliyoipata juu ya mkeka wa madrasa ilikuwa imefungua mlango ambao kitabu cha shule hakikuufungua, na wenzake wote walikuwa wamemzunguka wakimwomba arudie hesabu.

Mtoto huyo nusura asiwepo. Ni binti wa majirani zetu, na barua yake ndiyo iliyokuwa juu ya kabati. Baba yake si mtu mgumu. Ni mtu mwenye hofu, na hofu zake alizitaja moja moja: nani atakayekaa na wasichana ndani ya basi, watakula nini, wataswali wapi, watarudi saa ngapi. Mwalimu hakuridhika na kupiga simu. Alikwenda mwenyewe, nami nikafuatana naye, tukakaribishwa kahawa.

"Mwalimu, mwanangu ni amana," alisema yule baba. "Nikikupa, nitakuuliza."

"Niulize, baba," alijibu mwalimu. "Na mimi pia nitaulizwa."

Kisha akamjibu kila swali. Akina mama wanne watafuatana na watoto, na wawili watakaa na wasichana. Chakula kitapikwa na wazazi na kubebwa. Adhuhuri na alasiri zitaswaliwa kwa wakati, na mahali pameshaulizwa. Basi litaondoka baada ya swala ya alfajiri na kurudi kabla ya magharibi. Baba alinyamaza kitambo, akaitia sahihi barua, na siku ya safari alisimama penye lango la shule kuanzia saa kumi na moja jioni.

Nalieleza hili si kwa kumlaumu mtu. Hofu ya mzazi ni sehemu ya mapenzi yake. Lakini hofu isiyoulizwa maswali humzuia mtoto bila kumlinda. Na tukiwa wakweli, anayebaki nyumbani mara nyingi ni binti. Kaka yake huambiwa nenda ukaone dunia, naye huambiwa atasimuliwa. Hukua akiijua dunia kwa masimulizi ya wengine, kisha tukashangaa kwamba hasemi darasani.

Kwa hiyo barua ikifika, dada yangu, kabla ya kukubali au kukataa, uliza. Mtoto atafanya nini kwa mikono yake atakapofika huko? Swali gani atakwenda nalo, na darasa litalifanyia nini jibu lake siku ya pili? Watu wazima ni wangapi, na wanawake ni wangapi miongoni mwao? Swala na chakula vimepangwaje? Mwalimu aliyejiandaa hufurahia maswali haya. Asiyeweza kuyajibu anahitaji muda zaidi, na ni haki yetu kumwomba aahirishe.

Kuna na suala la ada, ambalo hatupendi kulizungumza. Katika kila darasa wapo watoto wawili watatu ambao siku ya safari huja shule kama kawaida, wakakalishwa katika darasa la wadogo. Aibu hiyo mtoto haisahau. Akina mama wa gredi yetu walikubaliana kutoa shilingi 50 kila Ijumaa tangu muhula wa kwanza, kila mmoja akimpelekea mweka hazina bila orodha kusomwa hadharani. Safari ilipofika, ada za watoto wote zilikuwa zimetimia, na hapana mtoto aliyejua nani alilipiwa.

Wala si lazima iwe safari ya mbali. Mwanangu mdogo na darasa lake walikwenda Gazi, kaunti ya Kwale, ambako akina mama wa kijiji wana njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, na ambako tangu mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja umeuhifadhi msitu huo na kuleta mapato yanayosaidia shule na maji ya kijiji. Mwongozo aliwaambia watoto waguse jani la mchu kwa ncha ya ulimi. Wakaonja chumvi. Mti hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani yake, na jambo hilo mtoto wa miaka minane akishalionja halihitaji kukaririwa. Na kama hata nauli ya Gazi haipatikani, fundi wa majahazi hayuko mbali, wala fundi seremala anayechonga milango, wala jikoni kwetu ambako chachu huumua unga wa mkate kila jioni ya Ramadhani.

Qur'ani Tukufu inatuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotutangulia. Watoto waliosimama Gede waliutazama mji wa watu walioswali kama wao na kuteka maji kama wao, wakaupima kwa mikono yao.

Yule binti wa jirani ana mdogo wake wa kike aliye gredi ya tatu. Barua yake ya kwanza ya safari inatarajiwa muhula ujao. Baba yao hajasema lolote. Nimeambiwa tu kwamba ameanza kuandika maswali yake kwenye karatasi, naye mwalimu wa gredi ya tatu ameshapata habari na anayangoja.

Allah awahifadhi watoto wetu waendapo na warudipo, na awazidishie ilimu yenye manufaa. Wassalaamu alaykum warahmatullah.