Majina ya Wazee Wetu Yako Wapi?

Mwaka jana alifika Voi bwana mmoja, Mskoti, kulitafuta kaburi la ndugu wa babu yake aliyekufa katika vita vya 1914-1918 na kuzikwa katika makaburi ya askari yaliyo hapa mjini. Kaburi alilipata bila taabu, maana mahali pale patunzwa vizuri na mawe yamepangwa safu kwa safu, yameandikwa majina na vikosi. Alipokwisha kupiga picha alipita ofisini kwetu kuuliza habari za njia ya Taveta. Kwa kuwa ilikuwa saa ya chakula, tuliketi chini ya mti tukazungumza. Nikamwuliza, amejuaje kwamba ana jamaa aliyezikwa nchi ya mbali hivi? Akafungua mkoba wake, akakunjua karatasi kubwa kama mkeka mdogo, yenye majina ya watu wa ukoo wake vizazi saba, wanaume kwa wanawake.

Nilimwuliza mengi siku ile, na baadaye nikasoma mengine mwenyewe. Uskoti ina hazina kubwa ya maandiko. Toka 1841 watu wao wamehesabiwa kwa kawaida kila miaka kumi, nyumba kwa nyumba, kwa majina, na hesabu ya 1851 yaonyesha hata kila mtu ana uhusiano gani na mwenye nyumba, na amezaliwa parokia gani. Ile ya 1841 yataka uangalifu, kwa kuwa umri wa watu wazima ulishushwa mpaka tano iliyo chini yake, hata mtu wa miaka 39 akaandikwa 35. Daftari hizo hufungwa miaka 100 kabla ya watu kuruhusiwa kuzisoma. Tena toka 1855 kila uzazi, kila ndoa na kila kifo huandikwa kwa amri ya sheria. Cheti cha kifo cha Kiskoti humtaja baba wa marehemu, na mama yake vilevile, kwa jina la kwao. Hili lilinipendeza sana. Mwanamke wa Kiskoti wa zamani hakulipoteza jina la baba yake kwa kuolewa, na hata jiwe la kaburi lake hulitaja.

Mtu aliyezaliwa kabla ya 1855 hutafutwa katika vitabu vya parokia, navyo vina matundu mengi. Wengine hawakuandikwa kwa kuwa walikuwa wa kanisa lingine, wengine kwa umaskini. Kuanzia 1783 mpaka 1794 serikali ilidai peni tatu kwa kila jina lililoandikwa, na watu wengi wakaacha kuandikisha. (Sisi makarani twalijua jambo hili: ukiweka ada, foleni hupungua.) Habari za maziko ndizo zilizoandikwa vibaya kuliko zote. Lakini kanisa lilikuwa na kitambaa cha heshima cha kufunikia jeneza, nacho kilikodishwa, na malipo yakaandikwa katika hesabu za fedha. Basi yuko mtu ambaye hapana mahali palipoandikwa kwamba amekufa, ila imeandikwa kwamba jamaa zake walilipia kitambaa siku fulani. Kwa senti hizo wajukuu wa leo wanajua siku aliyozikwa.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza, je, mimi naweza kuchora karatasi kama ile?

Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyepita Taita na Taveta mwaka 1883, alizaliwa Penpont mwaka 1858, miaka mitatu tu baada ya sheria ile kuanza. Atakaye habari za kuzaliwa kwake atazipata Edinburgh. Naye alikuja na wapagazi zaidi ya mia moja. Wachache katika wakubwa wao, kama Makatubu, wametajwa katika kitabu chake. Wengine wamebaki kuwa mizigo na miguu.

Katika Kenya, hesabu za watu za 1911, 1921, 1926 na 1931 ziliwahesabu Wazungu, Wahindi na wageni wengine. Waafrika walikadiriwa tu, kama mtu anavyokadiria magunia ya mahindi yaliyo ghalani kwa kusimama mlangoni. Hesabu ya kwanza ya watu wote ilifanywa 1948, ikaonekana nchi ina watu kama milioni 5.4. Sheria ya kuandikisha uzazi na vifo ilitungwa 1928, lakini kwa Waafrika ilienezwa wilaya baada ya wilaya, mpaka 1971 ndipo ikashika nchi nzima. Kabla ya hapo palikuwa na kodi ya nyumba, iliyomjua mwenye nyumba. Toka 1919 mpaka 1947 palikuwa na kipande, kilichomjua mwanamume mwenye umri wa kwenda kazini. Mwanamke hakutakiwa na daftari hizo isipokuwa kama hesabu ya nyumba za mumewe.

Lakini wasomaji wasidhani kwamba wazee wetu wa Taita hawakuwa na daftari ya wafu. Walikuwa nayo, ila haikuwa ya karatasi. Mtu alipokufa alizikwa karibu na mji wake, na baada ya mwaka au zaidi wazee wa ukoo walifukua fuvu lake, wakalipeleka ngomenyi, yaani kwenye pango la ukoo, wakaliweka safuni pamoja na ya waliomtangulia. Kila ukoo ulikuwa na mahali pake. Ulipokuja ukame au ugonjwa, wazee walikwenda pale kufanya kutasa, wakitema pombe na kuwaomba waliolala. Upande wa baba yangu ni watu wa Dawida, na pango la ukoo wetu liko mpaka leo. Nilipokuwa kijana, mzee mmoja alinipeleka akanionyesha kwa fimbo, huyu ni fulani, na huyu baba yake, na huyu aliyefuata, mpaka vizazi vitano. Aliyasoma mafuvu yale kama mimi nisomavyo jalada. Mzee huyo amekwisha kufa, naye alizikwa makaburini pa kanisa, chini ya msalaba wa saruji. Simlaumu aliyetufundisha msalaba, maana nami nimelelewa na kusomeshwa nao. Nasema tu kwamba daftari moja ilifungwa pale, na ile ya pili ilikuwa bado haijafunguliwa vema.

Na liko jambo jingine ambalo wengi wetu hatukuambiwa shuleni. Mafuvu mengine ya Wataita yalichukuliwa yakapelekwa Uingereza. Mwaka 1931 E. Kitson alitangaza vipimo vyake katika gazeti la wataalamu liitwalo Biometrika, na mwaka 1973 mtaalamu wa Marekani, W. W. Howells, alitoa kitabu ambamo mna vipimo vya mafuvu 83 ya Wataita, 33 ya wanaume na 50 ya wanawake. Vipimo hivyo hutumiwa na wanafunzi wa vyuo vikuu ulimwenguni mpaka leo, kwa kuvilinganisha na vya mataifa mengine. Nimeviona kwa macho yangu katika kompyuta. Kila fuvu lina nambari yake, na urefu na upana wake umepimwa kwa milimita, mfupa kwa mfupa. Sikuona jina hata moja. Hapana daftari nyingine ya zamani niijuayo ambayo ndani yake wanawake wa Taita ni wengi kuliko wanaume, nayo ndiyo hiyo.

Upande wa mama yangu mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa wao ni watu wa Kasigau, mlima ule usimamao peke yake kusini ya Voi. Katika 1915 Wajerumani walikuwa wakivuka mpaka kuja kuiharibu reli, na Kasigau ilikuwa katika njia yao; mwezi wa Agosti walikishambulia kituo cha Waingereza kilichokuwa pale. Serikali iliwashuku wenyeji kwamba waliwasaidia adui, ikawaondoa mlimani, wazee kwa watoto, ikawapeleka Malindi. Watu waliozoea baridi na maji ya mlimani wakatiwa katika joto na homa za pwani, wasijue lugha wala kilimo cha huko. Wengi sana walikufa. Waliosalia hawakurudi kwao ila katika miaka ya 1930.

Hao hawakuzikwa karibu na mji wao, wala hapana aliyerudi kuwafukua. Mwaka ule ule reli ya vita ilijengwa toka Voi mpaka Maktau, na wapagazi wengi walikufa katika vita hivyo bila jiwe. Tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake ya 2021 kwamba wafu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi angalau wamepata taarifa hiyo. Watu wa Kasigau hawakuwa askari wala wapagazi, kwa hiyo hawamo hata katika orodha ya waliosahauliwa.

Nyanya yangu mzaa mama alizaliwa Kasigau muda mfupi baada ya watu kurejea. Mama yake alikwenda Malindi akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na aliyembeba, yaani nyanya wa Nyanya, alifia huko. Nilitaka jina la huyo aliyembeba. Nilikwenda katika kanisa moja, ambalo sina haja ya kulitaja, nikaruhusiwa kukitazama kitabu cha zamani cha ubatizo. Mama wa Nyanya nilimwona, amebatizwa akiwa mtu mzima. Jina la baba limeandikwa kwa mwandiko mzuri. Mahali pa jina la mama pamepigwa mstari wa wino, basi. Nilikitazama kistari kile kwa muda mrefu, nikamkumbuka Mskoti na kitambaa chake cha jeneza.

Nilipomweleza Nyanya, alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayetafuta kisu naye amekishika mkononi. Akaniuliza, "Wewe waniitaje?" Nikamjibu, "Nakuita Nyanya." Akasema, "Na wazee wenzangu waniitaje?" Ndipo nilipofahamu. Kwa desturi yetu mtoto hupewa jina la babu au nyanya, naye kwa kuwa ni binti wa kwanza alipewa jina la mama wa mama yake. Jina lililokosekana kitabuni limekuwa likiitwa mbele yangu tangu nizaliwe, kisimani, sokoni na harusini. Tena binti wa mama yangu mdogo ameitwa hilo hilo, naye sasa yuko darasa la sita.

Jina lenyewe silitaji hapa. Nyanya amekataa, kwa sababu anajua gazeti likisha kusomwa hufungiwa mandazi. Lakini aliniruhusu kuliandika kwetu. Nimenunua daftari yenye jalada gumu, na jioni za Jumamosi nakwenda naye anasema nami naandika. Kila mtu na baba yake, na mama yake, na mahali alipozikwa kama pajulikana. Msomaji akitaka kufanya hivyo, nitamshauri asianze kwa kuuliza miaka, maana wazee huchoka na miaka. Na aulize, fulani amepewa jina la nani? Huyo naye alipewa la nani? Kwa swali hilo moja tumepata watu ishirini na watatu, na kati yao kumi na wanne ni wanawake.

Jumamosi iliyopita nilidhani tumemaliza habari za Malindi. Nilipokuwa nikifunga kalamu, Nyanya aliniambia kuwa wako wengine wawili, ndugu za mama yake, mmoja alikufa kabla hawajafika pwani, na mwingine alizaliwa huko asimalize mwezi. Hawakuwa wamepewa majina. Nikamwuliza niandikeje. Akafikiri kidogo, akasema niandike "mtoto" mara mbili, kila mmoja katika mstari wake, wala nisiwachanganye, nami nikaandika hivyo.