Papa wa mfukoni: Safari ya Osaka iliyonirejesha Kipini

WAHENGA walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mimi nilikwenda mbali kupita tezi na omo. Nilifika Osaka, mji mkubwa wa bandari nchini Japani, na nikarudi nyumbani na mfuko mdogo wa papa na taa wa plastiki, ambao hata mmoja wao hakuzidi urefu wa kidole. Sikujua kwamba vijisanamu hivyo vingenieleza kuhusu baba yangu jambo ambalo sikuwahi kumuuliza kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini.

Ilikuwa mwaka wa 2016. Nilikuwa nimepelekwa huko kwa mafunzo ya kikazi ya majuma 6. Jumapili hatukuwa na masomo, na wenzangu walizitumia siku hizo kutafuta kamera na simu. Mimi ni mtoto wa mvuvi, mzaliwa wa Kipini, pale Mto Tana unapomwaga maji yake baharini. Kwa hiyo nilichouliza kwanza kilikuwa ni njia ya kwenda pwani.

Nilielekezwa gari la moshi linalopita chini ya ardhi mpaka kituo cha Osakako. Ukitoka hapo unatembea kwa muda mfupi hadi Tempozan, ukingoni mwa bandari. Kitu cha kwanza kukiona ni gurudumu kubwa la kupandisha watu angani, lenye urefu wa zaidi ya mita 112. Kando yake kuna jumba la Kaiyukan, lililofunguliwa mwaka wa 1990 ili watu waje kutazama viumbe wa baharini wakiwa hai.

Msomaji, jumba hili lina ajabu yake. Huanzi chini kwenda juu. Unapandishwa kwanza hadi orofa ya 8, halafu unateremka polepole ukilizunguka hodhi moja kubwa lililo katikati. Hodhi hilo lina kina cha mita 9 na hubeba tani 5,400 za maji. Kadiri unavyoteremka ndivyo unavyozama, ingawa nguo zako hazilowi. Samaki uliowatazama mgongoni ukiwa juu, ukifika chini unawatazama tumboni.

Hapo ndipo nilipomwona papa shilingi. Nilikuwa nimesikia habari zake tangu utotoni. Wazee wetu wa pwani husimulia kwamba Mwenyezi Mungu alipomaliza kumuumba alipendezwa naye, akamrushia shilingi za fedha, zikamganda mgongoni. Ndiye samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, naye anaweza kupita mita 15, lakini chakula chake ni vidudu na visamaki vidogo vinavyoelea majini.

Wajapani humwita "jinbei-zame". Jinbei ni vazi lao jepesi la wakati wa joto, na "zame" ni papa. Wao walipoyatazama madoa yale waliona kitambaa cha nguo. Sisi tuliona fedha! Nilicheka peke yangu mbele ya kioo, na mama mmoja aliyekuwa na watoto wake akanitazama kwa wasiwasi.

GACHA, KISHA PON

Japani ina mashine zinazouza vijisanamu vilivyofungiwa ndani ya vidude vya plastiki vya mviringo mfano wa yai. Utazikuta madukani na katika vituo vya magari ya moshi. Unatumbukiza sarafu, unazungusha kishikio, na yai linadondoka. Wenyewe huziita gachapon. "Gacha" ni mlio wa kishikio kinapozungushwa, na "pon" ni mlio wa yai linapoanguka. Mashine za aina hii zilianza kutumika nchini humo mwaka wa 1965, wakati ambapo sarafu ya yeni 10 ilitosha.

Nilizikuta mashine zenye picha za papa na taa. Bei ilikuwa yeni 300. Siku hizo yeni moja ilikaribia kuwa sawa na shilingi moja yetu, kwa hiyo hesabu haikunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba huchagui unachotaka. Unachopewa ndicho riziki yako. Mara ya kwanza nilipata nyenga. Mara ya pili, nyenga. Mara ya tatu, nyenga yule yule!

Nilipokuwa nikikuna kichwa, mvulana mmoja mwenye mkoba wa shule alinisogelea, akafungua kiganja. Mlikuwa na pingusi, yule papa mwenye kichwa kama nyundo. Hakujua neno hata moja la lugha ninayoijua, nami Kijapani changu kilikuwa ni cha kuamkia tu. Nilimpa nyenga mmoja, akanipa pingusi, tukainamiana vichwa kama wazee waliomaliza kesi ya shamba. Baadaye nilielezwa kwamba kubadilishana ndiyo roho yenyewe ya mchezo huu. Asiyebadilishana atabaki na nyenga watatu maisha yake yote.

Usidhani, msomaji, kwamba ni mchezo wa watoto peke yao. Niliwaona watu wazima waliovaa tai wakipanga foleni. Katika mkoa wa Osaka ndiko ilikoanza kampuni ya Kaiyodo mwaka wa 1964, ikiwa duka dogo tu la vifaa vya kuundia vitu vya mfano. Mwaka wa 1999 mafundi wake walishirikiana na watengenezaji wa peremende wa Furuta kuuza mayai ya chokoleti yenye mnyama mdogo ndani. Watu wazima waliyanunua kwa wingi, si kwa sababu ya chokoleti bali kwa sababu mnyama aliyekuwemo alichongwa kwa uaminifu. Kama alikuwa na vidole 4, alipewa 4.

Katika mtaa wa Nipponbashi, ambao umejaa maduka ya vifaa vya umeme na vya kuchezea, niliingia duka linalouza vijisanamu vilivyokwisha kutumiwa. Vilipangwa katika makabati ya vioo, kila kimoja na bei yake. Hapo nilimwona papa upanga. Nilisimama kwa muda mrefu. Kisha nikatoa pesa bila ya kuuliza kama naweza kupunguziwa, jambo ambalo si desturi yangu.

VIDOLE VYA BABA

Baba yangu wakati huo alikuwa amekaribia miaka 80. Presha ya macho ilikuwa imemaliza nuru yake yote, na kutwa alikuwa akikaa barazani akisikiliza redio na sauti za wapitao. Nilipofika Kipini nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za safari. Nilimweleza kuhusu hodhi la Osaka. Alisikiliza kwa adabu, lakini niliona hakusadiki kwamba papa shilingi anaweza kuwekwa ndani ya nyumba.

Basi nikamwekea nyenga kiganjani.

Alimpapasa. Vidole vilizunguka mabawa, vikafuata mkia. "Huyu ni nyenga," akasema. "Mwiba wake uko wapi? Aa, huu hapa. Wengi hudhani mwiba uko nchani mwa mkia. Hawa wameuweka mahali pake. Aliyemfanya huyu amewahi kumshika mwenyewe."

Nikampa pingusi. Akagusa ncha mbili za kichwa, akatafuta macho, akayapata pembeni kabisa yanapotakiwa kuwa. Nikampa papa shilingi. Huyu alimsumbua kidogo. Kisha kidole chake kikafika kinywani. "Mdomo wake uko mbele, haukujificha chini kama wa papa wengine. Ni papa shilingi. Lakini mbona amedumaa? Analingana na nyenga!"

Nilimweleza kwamba mayai ya mashine yote ni ya kipimo kimoja, kwa hiyo mkubwa na mdogo hutoka sawa. Alitikisa kichwa. "Na shilingi zake zipo?" akauliza.

"Zipo, baba. Nyeupe, mgongo mzima."

"Vyema."

Watoto wa ndugu zangu walikuwa wamekwisha kutuzunguka. Baba akaanza kuwafundisha. Akawaambia kwamba papa hupumulia ubavuni, na akawashikisha mistari mitano iliyo nyuma ya kichwa. Taa hupumulia chini, na akamgeuza nyenga tumbo juu ili waione. Akawaeleza habari za jarife, wavu wa papa wenye macho makubwa, unaotegwa jioni na kutazamwa alfajiri. Akawaeleza jinsi maini ya papa yanavyotoa sifa, mafuta yanayopakwa mbao za chombo ili zisile maji, na jinsi nyama inavyotiwa chumvi na kuanikwa iwe ng'onda. Mimi mwenyewe, niliyekulia nyumba hiyo hiyo, nilisikia mambo ambayo sikuyajua.

MSUMENO ULIOUZWA

Nilimweka papa upanga mwisho. Vidole vya baba vilipogusa meno ya ule msumeno, vilisimama. Watoto waliendelea kupiga kelele, lakini yeye alinyamaza. Akamgeuza, akapitisha ukucha tumboni.

"Pumzi zake ziko chini," akasema polepole. "Sisi humwita papa, lakini huyu ni taa. Hata huko wanajua?"

Wanajua. Wajapani humwita "nokogiri-ei", yaani taa wa msumeno, na wataalamu wa samaki pia humweka katika ukoo wa taa. Lakini nao hujikwaa kwingine. Ngozi ya taa inayovikwa mipini ya panga zao za kale huiita ngozi ya papa. Kwa hiyo si sisi peke yetu tuliochanganya majina.

Nilipokuwa mdogo, ukutani mwa nyumba yetu ulining'inia msumeno wa papa upanga ulionizidi kimo. Baba alikuwa amemvua samaki huyo kwa jarife, karibu na mlango wa Tana. Usiku nilikuwa nikiyahesabu meno yake mpaka nikalala. Mwaka wa 1979 nilirudi kutoka madrasa nikakuta ukuta mtupu. Siku chache baadaye nilipelekwa kidato cha kwanza, nikiwa na sare mpya na sanduku la bati. Mfanyabiashara aliyekuwa akiwauzia watalii mataya na misumeno ya samaki alikuwa amepita Kipini. Sikuuliza neno. Nilikuwa na hasira, na baadaye nikawa na haya, na hasira na haya zote mbili huziba kinywa.

Siku hiyo barazani, baba alisema mwenyewe. "Ule msumeno niliuuza kwa ajili ya karo yako. Sikusikitika. Nilidhani nitamvua mwingine mwaka wa pili yake, niutundike pale pale. Nikangoja. Sikumwona tena mpaka leo."

Hakulaumu mtu. Yeye mwenyewe alitega jarife, na waliotega walikuwa wengi, pwani hii na pwani nyingine. Msumeno ni rahisi sana kunasa wavuni. Leo aina zote 5 za papa upanga duniani zimo hatarini kutoweka, na kufikia mwaka wa 2013 zote zilikuwa zimepigwa marufuku katika biashara ya kimataifa. Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2021 ulionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu walikuwa wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka wa 1970. Baba hakuzijua tarakimu hizo, lakini alizifikia kwa njia yake, kwa kungoja.

Tangu siku hiyo nimeendelea kukusanya. Wengine huniuliza mtu mzima anatafuta nini kwa vijisanamu. Nawajibu kwamba kuna ukusanyaji wa namna mbili. Yule mfanyabiashara alikusanya misumeno na mataya, na kila alipokusanya kimoja bahari ilipungukiwa. Papa wa plastiki hapunguzi kitu baharini, mradi tu asitupwe huko. Na akiwa amechongwa kwa uaminifu, anaweza kumfundisha mtoto wa Nairobi au wa Kakamega kwamba papa hupumulia wapi.

Mashine za Osaka hatuna, lakini si lazima tuwe nazo. Mpwa wangu mmoja alichonga nyenga kwa kipande cha mti laini, akampelekea babu yake. Mzee alimpapasa, akamrudishia. "Mwiba umeuweka nchani," akamwambia. "Nenda ukaanze tena." Mtoto alianza tena, na wa tatu ndiye aliyekubaliwa.

Kwa hiyo, msomaji, ikiwa nyumbani kwenu yuko mzee aliyewahi kuvua, kuwinda, kulima au kuunda vyombo, usingoje. Tia kitu kiganjani mwake, uketi, usikilize. Majina mengi yamo vidoleni mwa watu kama hao, na hayajaandikwa popote.

Jioni ile nilipokuwa nikiwakusanya papa wangu niwarudishe mfukoni, nilihesabu nikakuta mmoja amepungua. Baba alikuwa amefumba kiganja.

"Hao wengine wachukue," akasema. "Huyu mniachie."