Vitz ya kaka kwenye uwanja wa mbio

Wiki hii sizungumzii mitihani wala chakula cha kantini. Nazungumzia gari. Najua wapo watakaosema dada huyu kashaanza kupotea, ualimu na magari wapi na wapi? Subirini kidogo, mtaona vinakutania wapi.

Kwa wasiofahamu, hapa Uingereza kuna kitu wanakiita traki dei, yaani siku ya uwanja. Unalipa pesa yako, unapeleka gari lako mwenyewe, hilo hilo unaloendea sokoni, na unaliendesha kwenye uwanja wa mbio za kweli. Siyo mashindano. Hakuna wa kwanza wala wa mkia, na kujipimia muda kwa saa hakuruhusiwi. Kumpita mwenzako ni mpaka akuruhusu, tena kwa upande uliotangazwa asubuhi. Ukifanya ubabe unafungashiwa virago.

Sasa huyu kaka yangu (mtoto wa mama mkubwa, ila kwetu hatuna neno binamu, ni kaka tu) alitimiza miaka 40 mwaka huu. Anafanya kazi usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Wenzake kazini wakachanga, wakamlipia siku moja Brands Hatch, huko Kent. Wazungu wana mambo! Walijua kwamba tangu utotoni huyu bwana ni mgonjwa wa rally. Walichokuwa hawajui ni kwamba gari alilonalo ni Toyota Yaris ya mwaka 2008, injini ya 1.3. Nyumbani tungeiita Vitz, maana ndilo gari lile lile, jina tu ndilo lililobadilishwa kwa soko la Ulaya. Teh teh.

Lakini kicheko kiliishia mlangoni kwa wifi. Wifi ana mimba ya miezi saba. Gari lile ndilo linalompeleka kaka kazini saa nne za usiku, wakati mabasi ya kule yameshaadimika, na ndilo litakalompeleka yeye hospitali siku ikifika. Tena bima nyingi za kawaida za magari hazihusiki kabisa na uwanja wa mbio. Ukiligonga, umejigongea. Basi wifi akanipigia simu chuoni: "Wewe ndiye mtoto wa fundi. Njoo uliangalie hilo gari. Ukisema liko sawa, waende. Ukisema haliko sawa, hawaendi. Na siku yenyewe utakuwa naye." Wifi akishasema, kaka hana rufaa.

Ni kweli baba yangu ni fundi, Gerezani, Dar es Salaam, miaka mingi sana. Nimekulia kwenye harufu ya oili. Ila mimi nasomea ualimu, niko mwaka wa pili, na mara ya mwisho kushika spana ilikuwa kabla sijapanda ndege. Nikampigia mzee, shikamoo, marahaba, nikamweleza. Akanyamaza, kisha akauliza swali moja: "Mnataka kuongeza mwendo au mnataka kurudi nyumbani?"

Nikasema kurudi nyumbani. "Basi injini msiiguse," akasema. "Anzeni kwenye kusimama."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoikumbuka fizikia ya kidato cha tatu. Nguvu iliyomo ndani ya gari linalokwenda haiongezeki sawasawa na mwendo. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu ile inakuwa mara nne. Kulisimamisha gari kutoka kilomita 140 kwa saa ni kazi ya karibu mara nane kuliko kulisimamisha kutoka kilomita 50. Na kazi yote hiyo breki zinaigeuza kuwa joto. Mjini unashika breki kubwa mara moja, halafu unakaa kwenye taa, zinapoa. Uwanjani unashika kila baada ya sekunde chache, raundi baada ya raundi, dakika ishirini mfululizo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa mafuta ya breki. Mafuta haya yana tabia ya kufyonza unyevu wa hewani. Ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka yafike angalau nyuzi 230 za sentigredi. Yakishazeeka na kunywa maji, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyezeka kama puto: unakanyaga pedali, inazama hadi chini, gari linaendelea na safari. Ya kaka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Tukayatoa yote, mimi naita "kanyaga!", yeye anakanyaga, nafungua nati, naita "shikilia!", nafunga, mpaka yakatoka meupe kwenye magurudumu yote manne.

Kazi ya pili, pedi za mbele. Zilikuwa zimebaki milimita nne. Kwa kwendea kazini zingefika mbali, kwa uwanjani hapana. Tukafunga mpya za kawaida wiki moja kabla, ili zipate kuzoeana na diski. Pedi za mbio zipo, lakini bei yake ni kubwa, na nyingi hazikamati vizuri zikiwa za baridi, kitu ambacho mtu anayetoka kazini alfajiri hakitaki.

Tatu, tairi. Tukazikagua ndani na nje, maana upande wa ndani ndio unaojificha. Nne, oili: tukaijaza karibu na alama ya juu, bila kuipita, kwa sababu kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja na ikiwa ndogo pampu inanyonya hewa. Tano, maji ya rejeta, mipira, mikanda. Sita, nati za tairi. Hapa mzee alikuwa mkali. Siyo kukaza kwa mguu mpaka zilie. Tuliazima spana ya kipimo, tukazikaza kama kitabu cha gari kinavyosema, Nm 103, na tulirudia kuzipima pale pale uwanjani. Mwisho tukatoa kila kilichokuwa kinacheza ndani: miavuli, kapeti, chupa za maji, CD za taarabu za wifi. Chupa ikibingirika ikaingia chini ya pedali ya breki, hiyo ndiyo safari.

Wakati tunafanya haya kaka alikuwa anaguna. Alitaka tuongelee filta ya hewa na bomba kubwa la moshi. Nikampa salamu za mzee: mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshakimbizwa na watu wengine kabla yao. Hawakuwa na gari jipya. Walikuwa na gari walilolijua. Kaka akatulia. Bomba la kawaida nalo lilitufaa, maana uwanjani kabla ya kuingia wanapima kelele, na Vitz yetu ilipita kama inanong'ona.

Siku ikafika. Saa moja unusu asubuhi tuko getini. Leseni, sahihi ya kukubali kwamba likikukuta limekukuta, helmeti ya kuazima, mikono na miguu lazima ifunikwe. Kuna ndoano ya kuvutia gari inayokaa kwenye buti. Tukaifunga mbele, ili ukikwama kwenye changarawe wakuvute bila kung'oa bampa. Halafu mkutano wa lazima kuhusu bendera: ya njano ni hatari mbele na hakuna kupitana, ya bluu kuna mwenye kasi nyuma yako, nyekundu wote punguzeni mwendo na mrudi, nyeusi wewe hapo njoo tuzungumze. Darasa lilikuwa kimya kuliko darasa lolote nililowahi kufundisha kwenye mazoezi ya ualimu!

Kiwanja chenyewe, ule mzunguko mfupi wa Indy, una kama kilomita 1.9 tu. Usidharau. Kati ya mwaka 1964 na 1986 British Grand Prix ilifanyika Brands Hatch mara 12. Kona ya kwanza, Paddock Hill, inakata kulia huku barabara inaporomoka chini yako kama umetupwa kisimani, na unapoingia huoni inakoishia. Kisha unapanda kilima hadi Druids, ambayo inakurudisha ulikotoka. Mimi nililipa nikakaa kiti cha abiria kwenye kipindi cha pili. Moyo wangu niliuacha pale Paddock Hill, atakayeuokota anitumie kwa posta.

Kipindi cha kwanza kaka alikaa na mwalimu wa uwanjani, na hapa ndipo ualimu wangu ulipokutana na magari. Chuoni tunasoma habari za Vygotsky, Mrusi aliyefariki mwaka 1934, aliyesema kuna mambo mtoto hawezi peke yake ila akiwa na mtu wa kumshika mkono anaweza. Nimeandika insha mbili juu ya jambo hilo. Baada ya kipindi nilimuuliza kaka alifundishwa nini. Akasema yule mzee alizungumza maneno machache tu: tazama mbali, breki ukiwa umenyooka, sasa geuza, subiri. Kila raundi akapunguza neno moja. Raundi za mwisho alikuwa kimya kabisa. Insha zangu mbili hazikulieleza hilo vizuri namna hiyo.

Baada ya kila kipindi nilipima upepo. Tulianza na psi 32 asubuhi tairi zikiwa baridi, zikarudi na 37, maana hewa ikipata moto inatanuka. Nikazipunguza kidogo, na kichwani nikaandika kwamba jioni zikipoa lazima zirudishiwe kabla ya barabara kuu. Handbreki hatukuivuta hata mara moja breki zikiwa za moto, tuliacha gari kwenye gia.

Kipindi cha tatu kaka alikuwa peke yake, na alikuwa ameshanogewa. Niliona kutoka kwenye uzio anachelewa kushika breki kuelekea Druids, kila raundi anachelewa zaidi. Aliporudi, harufu ilifika kabla yake. Nikamuuliza pedali ikoje.

"Ngumu kama kawaida," akasema, "ila gari haikamati kama asubuhi."

Hayo maneno mzee alikuwa ameshanitajia. Pedali ikizama, mafuta yamechemka. Pedali ikiwa ngumu na gari lisisimame, pedi zimezidiwa na joto. Kwa hiyo mafuta mapya yalikuwa yanafanya kazi yake, ila pedi za kawaida zilikuwa zimefika mwisho wa uwezo wake. Tukangoja zipoe kama dakika arobaini, nikachungulia kwa tochi katikati ya rimu. Kingo za pedi zilikuwa zimeanza kumeguka. Unene ulikuwa bado unatosha kwa barabarani. Kilikuwa kimebaki kipindi kimoja.

Sasa hapa ndugu msomaji nielewe. Huyu ni kaka yangu. Ameninunulia koti la baridi la kwanza nililovaa nchi hii. Kwetu mdogo hamwambii mkubwa "basi", anazunguka, anaomba. Nikamwambia, "Kaka, naomba tuishie hapa."

"Nimelipiwa mpaka saa kumi," akasema, bila kunitazama.

"Najua, kaka. Lakini wifi alinipa kazi moja, na Jumatatu unaingia usiku."

Akaondoka akaenda kusimama kwenye uzio. Alikaa huko muda mrefu. Nilimwona anaangalia magari yanavyoporomoka Paddock Hill, na kwa kweli iliniuma, maana najua mtu yule hajajinunulia kitu cha kujifurahisha tangu nimjue. Pesa yake ina majina ya watu wengine kabla haijafika mfukoni. Siku hii moja ilikuwa na jina lake, na mimi ndiye nilikuwa naikata.

Akarudi, akaichukua helmeti aliyokuwa bado ameishika kwapani, akaipeleka dirishani kuirudisha. Akaniambia, "Rudisha upepo, mwalimu." Hajawahi kuniita mwalimu kabla ya siku hiyo.

Tulirudi mdogo mdogo, breki zikawa zinakamata vizuri. Siku iliyofuata tulifunga pedi nyingine, na tukampigia mzee kumpa ripoti. Aliuliza gari limerudi, nikasema limerudi. Akauliza na huyo kaka yako amerudi, nikasema yupo hapa anakula ubwabwa. Mzee akacheka, akakata simu kuokoa bando.

Wewe uliye na Vitz yako, IST, Starlet au chochote na unapanga kuipeleka kiwanja chochote duniani, pesa yako ya kwanza ipeleke kwenye mafuta ya breki, ya pili kwenye pedi, ya tatu umlipe mwalimu akae pembeni yako. Ikibaki, nunua soda. Mimi nina insha ya maneno 2,500 juu ya namna ya kumpima mwanafunzi bila kumvunja moyo, ya kukabidhi Ijumaa, na safari hii walau nina mfano. Alamsiki.